Radhi kwa Njia ya Hewa

Isevya, Tabora
9 Novemba 1954

Mwanangu Damas,

Marahaba. Shikamoo yako uliiandika tarehe ishirini na mbili Oktoba, nami naiitikia leo, kwa hiyo kwa siku kumi na nane ulikuwa umesalimia ukuta. Usijali, nimeipokea. Huku hatujambo. Mbuzi wangu mmoja amezaa mapacha, na mwingine amekula kanga ya jirani yangu Getruda ikiwa kambani, na Getruda hajanisemesha tangu Jumapili. Goti langu linauma, ila kanisani nafika. Nachelewa ubeti wa kwanza tu. Nimempa msafiri mmoja chupa ya asali akuletee. Ni ya nyuki wadogo, usiimalize kwa siku moja.

Sasa tuje kwenye barua yako. Unasema umempenda Imakulata, binti wa mzee Alois, seremala wa Ng'ambo, naye amekupenda, na mnataka kufunga ndoa kabla ya Juni. Vizuri. Binti namfahamu, ana adabu na hacheki ovyo. Halafu unasema nimwombe kaka yangu, yaani baba yako, apeleke posa. Hapo kalamu yako ilipita mbio, kama mtu anayepita mbele ya mbwa asiyefungwa.

Nilimwambia. Alikuwa anavuta ugoro. Akauliza, "Mwenye posa ni nani?" Nikasema ni Damas. Akasema, "Nilikuwa na mtoto wa jina hilo. Alitoka hapa na baragumu langu miaka mitano iliyopita. Baragumu halijarudi, na yeye hajarudi." Kisha akapiga chafya, na mazungumzo yakaisha.

Wewe unajua na mimi najua, lakini naandika ili usije ukasema hukukumbushwa. Baragumu lile la pembe ya tandala ndilo babu yako Mahona aliloongozea misafara mpaka Ujiji, na baba yako Lugembe alilipuliza safari mbili za mwisho kabla reli haijawafanya makirangozi, viongozi wa misafara, wote kuwa wakulima wa karanga. Ulilitoa ukutani bila ruhusa, ukampa Bwana Talton, yule Mzungu aliyekuja kupima sauti katika msitu wa Ipuli. Wiki iliyofuata akakuchukua Dar es Salaam kuwa fundi. Sisemi mambo hayo mawili yanahusiana. Nasema yalifuatana.

Alois naye hataki maneno mengi. Anasema pasipo baba kwenye mkeka hapana posa. Yeye ni seremala, haungi mbao yenye upande mmoja. Na baba yako hataki barua ya kuomba radhi. Anasema karatasi haina koo. Kosa lilitendwa kwa mkono, radhi itaombwa kwa mdomo, naye aisikie kwa masikio yake. Kwetu radhi husikiwa, haisomwi, hilo unalijua.

Njoo mwenyewe, basi.

Shangazi yako anayekuombea,
Pelagia


Dar es Salaam
2 Desemba 1954

Shangazi mpendwa,

Shikamoo, na shikamoo ya pili ya akiba, maana sijui hii itakukuta lini. Mimi ni mzima. Joto la huku halina huruma. Pole kwa goti, na umpe Getruda pole ya kanga. Asali imefika, ahsante sana, ila ilikuwa robo chupa. Yule msafiri alimpa mwenzake, mwenzake akampa mwingine, na kila mmoja aliniapia kwamba aliikuta hivyo hivyo.

Kuhusu kuja, likizo sina hadi Juni. Kazi ni nyingi, na ningependa uielewe ili umweleze Baba. Kazi yangu ni kusikiliza. Ninavaa visikizio, ninaandika jinsi sauti ya redio kutoka mbali inavyopanda na kushuka. Watu hudhani wimbi la redio huenda kama mshale. Laiti ingekuwa hivyo! Hewa si kitambaa kimoja, Shangazi. Imejaa vipande vya joto na vya baridi, vya unyevu na vya ukavu, vinazunguka bila mpango, na hakuna ajuaye kipande kipi kitakuwa wapi dakika ijayo. Wimbi likiingia humo, kila kipande kinalipinda kidogo. Linagawanyika, linafika kwa njia nyingi, nyingine fupi na nyingine ndefu.

Unakumbuka maandamano ya Ekaristi mwaka ule yalipozunguka hadi sokoni? Walio mbele walikuwa ubeti wa pili, walio nyuma wa kwanza, na sisi wa katikati tukafungua midomo tu. Hakuna aliyeimba vibaya, lakini aliyesimama mlangoni hakuambulia neno. Ndivyo redio inavyofifia. Mawimbi yakifika pamoja, sauti inanguruma, yakipishana, yanauana. Bwana Talton anasema hatutaweza kamwe kujua kila kipande cha hewa. Tunachoweza kujua ni wastani wa uharibifu.

Nimeandika kurasa nne na karatasi imekwisha. Msalimie Baba.

Mwanao,
Damas


Isevya, Tabora
28 Desemba 1954

Mwanangu Damas,

Marahaba zote mbili. Noeli tumekula vizuri: Getruda amerudi kunisemesha, nami nikamchinjia yule mbuzi mla kanga ili haki itendeke. Mvua zimeanza na njia ya Ipuli ni matope matupu. Imakulata alinitembelea. Aliuliza habari zako mara moja, kisha akauliza za mbuzi mara tatu. Amekonda.

Barua yako nilimsomea baba yako. Nilisoma yote, kwa sababu nilikuwa nangoja nifike kwenye pembe, na pembe sikuiona. Kurasa nne za upepo! Mtoto wangu, umejifunza vizuri huko. Hata mimi nilisahau kwa dakika kumi kwamba nilikuuliza kitu.

Baba yako alisikiliza mpaka mwisho. Akasema, "Hayo nilimwambia yule Mzungu, amekaa kwenye kigoda changu, anakula karanga zangu. Nilimwambia asubuhi, umande ungali chini, baragumu linavuka mbuga nzima. Saa sita, jua likichemsha msitu, mtu aliye karibu hasikii, au anasikia upande usio wenyewe, anaifuata sauti na kupotea. Akaandika kitabuni. Miaka mitano yote wamekuwa wakipima niliyowaambia?"

Halafu akaongeza jambo ambalo sikuwahi kulisikia kwake. Anasema katika msafara, mpagazi akipotea na kulia msituni, kilio chake hakifiki kizima. Kinafika kimekatika, hujui kama ni mtu au ni ndege. Kirangozi akisikia kitu cha namna hiyo hupuliza papo hapo kuitikia. Akingoja mpaka ahakikishe, mtu amekwisha liwa. Alisema hivyo akaenda kulala, na mimi nikabaki nafikiri kwamba huyu mzee ana hasira, lakini hajakuzika.

Kwa hiyo nakuuliza swali moja, na safari hii karatasi isikwishe kabla ya jibu. Baragumu liko wapi?

Shangazi yako,
Pelagia

Asali nyingine nimetuma kwa mtu wa dini.


Dar es Salaam
23 Januari 1955

Shangazi,

Shikamoo. Mimi mzima, na naomba Mungu iwe hivyo kwenu. Asali ya mtu wa dini imefika nusu chupa. Wastani unapanda.

Baragumu liko ofisini kwa Bwana Talton, ukutani, nyuma ya mlango. Anatundika kofia yake juu yake. Haya, nimesema. Naliona kila asubuhi nikiingia na kila jioni nikitoka, miaka mitano, na kila nikiliona natazama viatu vyangu. Alikuwa ameniuliza tu kama naweza kumwonyesha chombo ambacho watu wa zamani walipigia sauti msituni. Nikalileta. Akalisifia, nikasema, "Ni lako, Bwana." Hakuniomba, Shangazi. Nilitaka anichukue, nikampa. Sijawahi kumwambia mtu hilo.

Kuja siwezi, lakini nimepata njia. Studio ya redio iliyo jirani na ofisi yetu hutangaza salamu za Jumapili. Mtangazaji, Eustace, ni rafiki yangu. Amekubali kunipa nusu dakika kwenye kipaza sauti, Jumapili tarehe 13 Machi, saa kumi na moja na dakika saba jioni. Baba anataka mdomo na koo: atavipata. Yahaya wa Ng'ambo si ana redio ya betri dukani? Baba aketi pale, naye mzee Alois aketi kando yake. Nitasema, "Baba, nimekosa, naomba radhi," mbele ya Tanganyika yote. Nani mwingine amewahi kuombwa radhi namna hiyo?

Mwanao,
Damas


Isevya, Tabora
17 Februari 1955

Mwanangu,

Marahaba. Tuna mafua nyumba nzima. Mapacha wa mbuzi wamekua wakorofi. Imakulata amepata mposaji mwingine, karani kutoka Nzega, mwenye baiskeli na baba mzima. Alois amemwambia karani asubiri hadi Pasaka. Nakwambia hilo kama nilivyolisikia.

Nilimweleza baba yako habari ya redio. Akauliza, "Nikimjibu, atanisikia?" Nikasema hapana. Akasema hayo basi si mazungumzo, ni mbiu ya liwali. Lakini tazama: juzi alikwenda mwenyewe hadi kwa Yahaya, kwa mguu, kuikagua redio. Aliizunguka, akaigonga kwa fimbo, na ilipoanza kuongea akaiamkia kwa Kinyamwezi, "Mwangaluka," akangoja. Watu walicheka, yeye hakucheka. Amekubali kuja siku hiyo.

Ila ameuliza jambo moja, na mimi mwenyewe naliuliza. Wewe fundi wa mawimbi, uliyesoma kwa ajili ya upuuzi huu, ni nani aliyekuambia upige baragumu mwezi wa Machi, mvua na radi zikiwa vichwani mwetu?

Shangazi yako,
Pelagia


Isevya, Tabora
15 Machi 1955

Mwanangu mpenzi Damas,

Marahaba, marahaba! Sote wazima, hata goti. Nakuandikia mbio ili uwe na furaha upesi.

Sauti yako ilifika. Ilifika safi kana kwamba umekaa kwenye gunia la chumvi hapo dukani. Ulisema vizuri mno: "Baba yangu Lugembe mwana wa Mahona, mimi mwanao nimekosa. Nililichukua lililokuwa la baba zetu nikalitoa kwa mgeni kwa tamaa yangu. Nipe radhi yako, maana bila hiyo mimi ni mti usio na mizizi." Getruda alilia. Yahaya alizima taa ya karabai kwa kutojua anafanya nini. Baba yako alisimama akasema mbele ya watu wote, "Nimemsikia mwanangu. Radhi nimetoa."

Jumamosi anakwenda kwa Alois na posa. Karani wa Nzega amepanda baiskeli yake akarudi kwao. Kumbe sayansi yako inafaa, mwanangu.

Shangazi yako mwenye furaha,
Pelagia


Dar es Salaam
27 Machi 1955

Shangazi,

Shikamoo. Sitauliza habari za mbuzi.

Barua yako nimeisoma mara nyingi. Maneno uliyoyaandika ni mazuri. Hayakuwa yangu, Shangazi. Mimi sikusema kitu.

Nilikaa mbele ya kipaza sauti na karatasi yangu mkononi. Eustace akanitaja jina, akaniashiria, taa nyekundu ikawaka. Nikafungua mdomo. Nikaona Tanganyika yote inasikiliza kwamba Damas ni mwizi wa baba yake. Nusu dakika nzima sikutoa neno. Nilikuwa napumua tu. Eustace alinitolea macho mpaka yakakaribia kuanguka mezani, kisha akaweka sahani ya muziki. Baadaye alinitukana kwa Kiswahili fasaha kabisa cha utangazaji. Sikukuandikia kwa sababu niliona haya, nikasema nitangoja mnilaumu wenyewe. Badala yake imekuja pongezi.

Mimi najua kuhusu mawimbi kidogo. Najua hewa inaweza kuua neno, kulipinda, kulikata, kulirudisha mara mbili. Haiwezi kulitunga. Basi niambie: Baba alisikia nini? Kama ulimdanganya ili unipatie radhi ya uongo, siitaki. Nitamwandikia mzee Alois mwenyewe, na Imakulata aolewe na baiskeli. Nimelia nikiandika hilo, lakini nitaandika.

Jambo jingine. Juzi niliingia ofisini kwa Bwana Talton, nikamwambia lile baragumu ni la baba yangu nami nilimwibia. Akalitazama, akasema alidhani lilikuwa la bwana aliyekuwa na ofisi ile kabla yake. Akaondoa kofia, akanipa, akaniuliza kama najua duka linalouza misumari ya kutundikia. Miaka mitano, Shangazi. Nikamwomba na siku nne za likizo, akanipa hapo hapo; kumbe hakuna aliyewahi kumwomba.

Damas


Isevya, Tabora
8 Aprili 1955, Ijumaa Kuu

Mwanangu Damas,

Marahaba. Leo ni siku mbaya ya kusema uongo, nami nimetoka kanisani sasa hivi, kwa hiyo utapata ukweli mtupu.

Siku ile mvua ilinyesha juu ya bati la Yahaya mpaka hatukusikiana. Tulikuwa mimi, baba yako, Getruda, Yahaya na mzee Alois, aliyekuja na uso wa mtu anayekagua mbao mbichi. Tangu saa kumi na moja redio ilikuwa inakaanga. Muziki ulikuja vipande vipande, ukaenda. Jina lako hakuna aliyelisikia. Ulipofika wakati wako, muziki ulikatika kabisa, ikabaki ile kelele tu. Yahaya akaipiga kofi redio. Alois akainuka kutafuta kofia yake.

Baba yako akainua fimbo. "Nyamazeni," akasema. "Huyo ni Damas."

Tukasikiliza. Mimi kaka yangu nampenda, lakini sikusikia kitu. Alois akasema, "Mimi nasikia chumvi ikikaangwa." Baba yako akamjibu, "Ndani ya hiyo chumvi kuna mtu amenyamaza. Mimi mtoto wangu namjua. Akikosa huwa haombi radhi, hunyamaza. Alipovunja mtungi wa mama yake alisimama hivi hivi, anapumua tu, mpaka jua likazama. Anataka kusema, anashindwa." Kisha akasogea akaweka mdomo karibu na redio na kupaza sauti kama yuko Ujiji: "Nimekusikia, mwanangu! Radhi nimekupa! Rudi njiani!" Muziki ukarudi. Akarudi kukaa.

Maneno niliyokuandikia niliyatunga mimi. Niliona aibu kukwambia kwamba umepewa radhi kwa ajili ya kelele. Nilidhani umesema vizuri na mvua ikala maneno, nikakutengenezea mengine, na ule mti usio na mizizi nilijisikia fahari nao sana. Unisamehe. Alois hakudanganywa, alikuwapo. Nilimuuliza kwa nini basi alipokea posa. Akasema mtu anayemjua mwanawe akiwa kimya, umbali wa kutoka Dar es Salaam na mvua katikati, huyo ni baba wa kutosha kwa mkeka wake.

Barua yako nilimsomea baba yako jana, yote, na safari hii sikuongeza neno. Nilipofika pale ulipoandika kwamba hukusema kitu, alicheka mpaka ugoro ukamwagika, akanituma kwa Alois, na goti hili, nikamwambie tu, "Kulikuwa na mtu." Kisha akaanza kulia, nami nikaenda kukamua mbuzi ili alie vizuri.

Imakulata anakusalimu. Hakuuliza habari za mbuzi.

Sasa sikia neno la baba yako, nimeliandika kama alivyolisema. Ukishuka kwenye gari moshi usije moja kwa moja. Pitia upande wa Ipuli, ufike ukingo wa msitu alfajiri, umande ungali chini, usithubutu saa sita. Hapo ulipulize baragumu, naye atakuwa ameketi mlangoni. Na ukishindwa kulipuliza, anasema, simama tu hapo hapo ulipo. Atajua umefika.

Shangazi yako,
Pelagia

Asali sitatuma. Utakuja kuilia hapa.